Machela ya kukalia ya fundi wa Mwanga: ninavyofika kwenye kiti cha ndege

Kitu ninachotaka kuwaeleza hakiuzwi dukani. Ni machela ya kukalia, kipande cha turubai chenye vishikio, kilichoshonwa na fundi wa viti vya magari hapa Mwanga, Kigoma Mjini. Nasafiri nayo kwenda Dar es Salaam kwa shughuli zangu za vitenge, na siku hizi siendi uwanja wa ndege kabla sijahakikisha imo kwenye mfuko wa nyuma wa kiti mwendo changu. Nawaandikia wenzangu msiotembea, hasa wanawake, mlioshika tiketi mkononi huku mawazo yote yako kwenye ngazi za ndege.

Niliugua polio nikiwa mdogo. Miguu haina nguvu, hisia ninazo zote. Kutoka nyumbani Ujiji mpaka uwanjani naenda na bajaji ya kijana anayejua kukunja kiti changu bila kulazimisha vyuma. Mlangoni, kwenye ukaguzi, kaunta na chumba cha kusubiria ninakwenda mwenyewe kwa mikono yangu, maana kote huko ni sakafu. Shughuli inaanza pale tunapoitwa kutoka nje. Kigoma hakuna daraja la kuunganisha jengo na ndege. Abiria wote hutembea uwanjani mpaka ndege ilipo. Na ndege tunazopanda mara nyingi ni panga boi, yaani ndege ya propela, ambayo mlango wake ndio ngazi yenyewe: unafunguka kwenda chini, na vidato viko upande wa ndani wa mlango. Ni ngazi nyembamba, ya mtu mmoja mmoja. Ukifika juu unapinda kulia, unaingia kwenye njia iliyo katikati ya viti viwili huku na viwili kule. Kiti mwendo cha kawaida hakipiti hapo.

Kwa hiyo unabebwa. Kijana mwenye nguvu anakuinamia, mkono mmoja unapita chini ya mapaja, mwingine mgongoni, kifua chake kinagusana na chako, na anakupandisha hivyo mbele ya abiria waliosimama wakisubiri. Au anakuambia umshike shingo, akupakie mgongoni. Gauni linapanda. Kitenge kinafunguka. Huna mkono wa kukishika kwa sababu mikono yote miwili imeng'ang'ania shingo ya mtu usiyemjua hata jina. Kijana mwenyewe hana kosa, anasaidia kwa moyo wote, na mara nyingi naye anaona haya.

Sisi watu wa ziwani kubebwa hakutushangazi. Vijiji vingi vya mwambao wa Tanganyika havina gati, na enzi za safari za meli ya MV Liemba abiria walishuka katikati ya maji kuingia kwenye mitumbwi, wazee na wagonjwa wakipokewa mikononi. Mimi nimebebwa kuingia botini na nimebebwa kuingia kwenye treni ya reli ya kati. Lakini waliokuwa wakinibeba ni kaka zangu, wajomba zangu, majirani walionijua tangu natambaa. Uwanja wa ndege ni mahali pa kazi. Mtu analipwa kunihudumia na mimi nimelipa nauli kama mwenye miguu. Pale nataka huduma yenye utaratibu, yenye kifaa chake.

Sasa machela yenyewe.

Fundi alitumia turubai zito, lile la kufunikia mizigo ya malori, lililokunjwa mara mbili. Ndani yake, kuanzia juu mpaka chini, amepitisha mikanda ya usalama ya magari aliyoinunua kwa wauza vipuri. Aliichagua mmoja mmoja juani, akaacha yote iliyopauka au iliyoanza kutoa nyuzi pembeni. Hiyo mikanda ndiyo inayobeba uzito. Turubai kazi yake ni kuushika mwili tu. Ameshona kwa uzi wa nailoni, kwa ile cherehani nzito ya viti, na kila panapoanzia kishikio amepiga mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Kabla sijaikalia, aliweka gunia la mahindi la kilo 100 na kuliinua na kulishusha na vijana wake mbele yangu, kisha tukakagua mishono yote kwa tochi ya simu. Jumla nililipa shilingi 60,000, vifaa na ufundi.

Mpangilio wa vishikio ndio siri ya kifaa hiki. Mtu akifikiria machela, anaona wabebaji wanne, wawili kila upande. Hilo linafaa barabarani na hospitalini. Kwenye panga boi halifai, kwa sababu ngazi ni ya mtu mmoja na njia ya ndani ni ya mtu mmoja. Hakuna mahali pa kusimama pembeni. Kwa hiyo vishikio virefu viko kwenye ncha: viwili mabegani, viwili magotini. Mbebaji mmoja yuko nyuma ya mgongo wangu, mwingine yuko miguuni, nao wanatembea kwenye mstari. Kisha viko viwili vifupi, kimoja kila upande wa nyonga. Hivyo havitumiki kunibeba ngazini; vinatumika mwisho kabisa, kunisogeza kutoka kwenye njia kuingia kwenye kiti.

Kinachonifanya niipende kuliko yote ni kwamba turubai linakumbatia mapaja yote mawili kwa pamoja. Fundi ameongeza ukanda mmoja mpana unaopita juu ya mapaja na kufungwa kwa kifungo cha kubana. Gauni haliwezi kupanda. Kitenge kinakaa nilivyokifunga nyumbani. Mikono ya wabebaji inashika vishikio, hainishiki mimi, na mikono yangu mimi ina nafasi ya kushikilia mkoba wangu na ushungi wangu.

Namna ninavyoitumia ni hii. Naitandika kwenye kiti mwendo nikiwa nyumbani, naikalia tangu nikiwa Ujiji. Sihitaji kunyanyuliwa uwanjani ili iwekwe chini yangu. Nikifika kwenye ndege anakuja kijana wa huduma.

"Shikamoo mama. Nikubebe?"

"Marahaba mwanangu. Subiri kwanza, ita mwenzako, niwaelekeze."

Nawaonyesha vishikio. Namwomba mwenye nguvu zaidi akae mabegani, kwa sababu yeye ndiye anayepanda kinyumenyume na ndiye anayeamua mwendo. Wa miguuni asinyanyue juu sana, la sivyo nalala chali. Kisha nahesabu mimi. Hilo nalisisitiza kwa kila mtu: anayebebwa ndiye ahesabu. Wakihesabu wao, mmoja atanyanyua kwenye mbili na mwenzake kwenye tatu. Tunapanda kidato kwa kidato, tunapumzika juu mlangoni, tunapinda kulia, tunaingia. Kushuka ni miguu mbele, uso ukitazama nje, na yule wa mabegani anabaki juu. Mvua ikinyesha naomba tusubiri, au vidato vifutwe kwanza. Wahudumu wa ndani ya ndege nimewaona wakilielewa hilo haraka.

Kiti nacho kina mambo yake. Omba uwekwe karibu na mlango, safu ya mbele mbele, kwa sababu kila safu unayoongeza ni hatua nyingine ya kubebwa kinyumenyume. Safu ya mlango wa dharura hutapewa, usiigombanie. Na uliza kama mkono wa kiti ulio upande wa njia unanyanyuka. Kwenye viti vingi una kitufe kidogo kimefichwa chini, karibu na bawaba, na siyo kila mhudumu anakijua. Ukinyanyuka, unateleza kuingia. Usiponyanyuka, inabidi mwili mzima upitishwe juu yake, na hapo ndipo kiuno huumia.

Nikifika kitini naiacha machela chini yangu safari nzima. Likitokea la kutokea, nina vishikio tayari, hakuna atakayehangaika anishike wapi.

Sasa kasoro zake, maana zipo.

Turubai lina joto. Ndege ikiwa imesimama juani na milango imefungwa, mgongo unalowa. Nimemwomba fundi aweke kitambaa cha pamba kinachovuliwa na kufuliwa, na kimesaidia upande wa mgongo, chini bado. Pia linateleza likiwa jipya. Mkanda wa kiti lazima ukaze vizuri, chini ya tumbo. Na mshono wa katikati unapita chini ya paja la kushoto. Mimi nausikia, najisogeza. Mwenye jeraha la uti wa mgongo asiye na hisia hatausikia, na kukaa juu ya mshono kwa saa chache kunatosha kuanzisha kidonda. Kama wewe ni wa hali hiyo, mwambie fundi mishono yote ipite pembeni ya mapaja, na juu ya machela weka mto wako wa kiti mwendo. Huo mto usiupeleke kwenye mizigo hata siku moja.

Na haimfai kila mtu. Haina kishikilia kichwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye shingo haijakaza, au mtu ambaye mwili unakakamaa ghafla, asipandishwe kwa machela kama yangu. Anahitaji iliyo ndefu mpaka juu ya kichwa, au kiti maalumu.

Kiti hicho kipo duniani, na hapa ndipo moyo wangu unaposema zaidi ya turubai. Ni kiti chembamba cha magurudumu madogo, upana wake umepimwa ili kipite katikati ya viti vya ndege, kina mikanda ya kifuani, mapajani na miguuni. Nimewahi kukikalia katika uwanja mwingine. Unahamia mara moja ukiwa nje, unafungwa, unasukumwa mpaka safu yako. Ipo pia rampu ya magurudumu, inayosukumwa mpaka mlangoni mwa ndege, yenye mteremko mpole unaopindapinda. Hutumika kwa ndege ndogo ambazo mlango wake hauko juu sana. Faida ya rampu siyo ya asiyetembea tu. Anaipanda mzee wa magongo, mama mjamzito, baba aliyebeba watoto wawili waliolala. Na lipo gari lenye chumba kinachopanda juu kwa mashine mpaka usawa wa mlango. Rampu na kiti chembamba vikiwa pamoja, machela yangu ingebaki nyumbani, na ningefurahi.

Natazama kazi ya kuboresha viwanja vyetu vinne vya Kigoma, Tabora, Shinyanga na Sumbawanga, ambayo Benki ya Uwekezaji ya Ulaya imeikopesha fedha, na ombi langu ni hili hili. Jengo jipya la abiria likiwa na choo kipana na mteremko mlangoni, tutashukuru. Lakini jengo linaishia pale kioo kinapoishia. Hata Dar es Salaam, Jengo la Tatu lililofunguliwa mwaka 2019 na kutajwa kuwa na uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka lina madaraja ya kuingilia ndegeni, na madaraja ya namna hiyo yametengenezwa kwa milango ya jeti kubwa. Panga boi inabaki na ngazi zake. Sisi wa mikoani ndio tunaopanda panga boi.

Kuna safari moja ilinifundisha tatizo liko wapi hasa. Uwanja siutaji, shirika silitaji. Nilikuwa nimeomba msaada wakati wa kununua tiketi. Walinisukuma vizuri mpaka chini ya ngazi, kisha dada mmoja mwenye karatasi akaniambia, "Haya mama, simama tukushike mkono." Nikamwambia sisimami. Akanionyesha karatasi: nimeandikwa WCHR, alama ya abiria anayeweza kupanda ngazi mwenyewe. Wa huduma za ardhini wakasema kunyanyua mtu kuingia ndani ni kazi ya wahudumu wa ndege. Wahudumu wa ndege wakasema wao hawaruhusiwi kunyanyua abiria. Wote walikuwa wakisema kweli kwa mujibu wa kazi zao. Mimi nilikuwa juani, katikati yao, abiria wengine wakinipita. Mwishoni waliitwa vijana wawili wa mizigo, nikawaonyesha vishikio, nikahesabu, tukapanda.

Zile herufi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, basi zishikeni. WCHR ni abiria anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, ila umbali wa uwanjani unamshinda. WCHS hawezi ngazi, lakini akifikishwa juu anatembea mpaka kitini. WCHC hawezi chochote kati ya hivyo. Anahitaji kufikishwa mpaka kwenye kiti chenyewe. Ni alama zinazotumiwa na mashirika ya ndege duniani kote. Ukisema tu "naomba kiti mwendo", wakala anabonyeza ya kwanza na kuendelea. Sema: "Niandikie WCHC", kisha omba akusomee kilichoandikwa. Fanya hivyo angalau saa 48 kabla ya safari, halafu piga simu tena siku moja kabla. Asiyeona ana alama yake, BLND, na kiziwi ana DEAF. Naye aombe iandikwe, kwa sababu tangazo la kubadilishwa mlango halimfikii kwa spika.

Na yule mwenye kiti mwendo cha umeme aanze mapema zaidi. Betri ya lithiamu inayotolewa huwa inasafiri ndani na abiria, na kikomo chake ni wati-saa 300. Bila kibandiko kinachoonyesha uwezo wa betri utabishana kaunta mpaka ndege iondoke. Sisi wa viti vya mikono tuna jambo moja: omba kiti chako kirudishwe chini ya ngazi za ndege na siyo kwenye mkanda wa mizigo, na ukipige picha pande zote kabla hujakikabidhi.

Narudi kwa zile pande mbili zilizokuwa zikitupiana kazi, wa ardhini na wa ndani ya ndege. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zetu nchi yetu iliuridhia mwaka 2009. Ibara yake ya 9 inataja usafiri waziwazi. Maneno hayajapungua. Kinachokosekana ni mwenye kuwajibika kwa zile mita chache kutoka mlango wa jengo mpaka kiti cha ndege. Ulaya, kanuni ya mwaka 2006 imemkabidhi mwendeshaji wa uwanja: ampokee abiria kuanzia anapofika, amfikishe kwenye kiti chake, bila malipo ya ziada. Marekani, sheria ya mwaka 1986 imelibebesha shirika la ndege mzigo huo. Wamechagua tofauti, ila kote wamechagua mmoja. Abiria akikwama anajua wa kumuuliza, na huyo anayeulizwa ndiye anayenunua kiti chembamba, ndiye anayewafundisha vijana kunyanyua bila kuumiza migongo yao. Kwetu nataka Mamlaka ya Usafiri wa Anga itamke wazi ni nani, na iandikwe mahali ambapo dada mwenye karatasi atapaona.

Mpaka hapo, machela. Alama zangu: kwa ngazi na kwa heshima naipa kumi kwa kumi. Kwa njia ya ndani ya ndege nane, kwa sababu mbebaji wa mabegani anatembea kinyumenyume na kugonga viwiko kwenye viti. Kwa joto, tano.

Ukitaka ya kwako, fundi yeyote anayeshona viti vya magari ataiweza, awe Kigoma, Tabora au Kasulu. Yangu ina upana wa sentimita 55 na urefu wa sentimita 110, mimi nina kilo 62. Mpime mtu akiwa amekaa: kuanzia chini kidogo ya mabega, zungusha kamba nyuma ya mgongo, chini ya makalio, mpaka nyuma ya magoti, hiyo kamba ndiyo urefu. Upana uchukue nyonga kisha uongeze kiganja kimoja kila upande ili turubai likunjike na kukumbatia. Vishikio vya mabegani viwe virefu kiasi cha mbebaji kusimama wima bila kuinama. Vya magotini viwe vifupi zaidi, la sivyo miguu itaburuzika kwenye vidato. Mikanda ya usalama ipite mfululizo kutoka kishikio cha juu mpaka cha chini, isiungwe katikati. Ijaribuni kwa gunia kwanza, kisha kwa mtu, karibu na ardhi, kabla haijaona ngazi. Na kila baada ya safari igeuzwe, mishono ikaguliwe. Uzi mmoja ukiachia, inarudi kwa fundi siku hiyo hiyo.